Nilivyomzuia Binti wa Kaka Kwenda Koleji

Kaka yangu akipata mgeni pale kwake Kyimo, lazima amsimulie jinsi mdogo wake, mwalimu, alivyomwokoa binti yake asipotezewe muda na Wamarekani. Mimi huangalia chini. Mgeni hudhani ni unyenyekevu.

Binti huyo alipomaliza kidato cha sita alipata nafasi mbili kwa mpigo: chuo kikuu hapahapa nchini, kusomea ualimu, na koleji moja Marekani, kusomea miamba, kila kitu kikilipiwa. Tangu utotoni alikuwa akiukodolea macho mlima Rungwe na kuuliza moto wake ulikwenda wapi. Kwetu jambo kubwa namna hiyo haliamuliwi na mtu mmoja. Ukoo ukaitwa, na kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, wazee wakanigeukia.

"Wewe mwalimu, hiyo koleji ndiyo chuo kikuu?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini nitasemaje sijui mbele ya wazee walionisomesha? Nikakohoa kidogo, nikawaambia koleji ni kama kile chuo cha ualimu nilichopita mimi: unatoka na cheti, basi. Anayeacha chuo kikuu akafuata koleji anashuka ngazi. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Kaka akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mdogo wangu." Binti alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango.

Mwaka jana shuleni kwetu Tukuyu akaja mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani. Akajitambulisha kwamba shahada yake aliipata koleji. Nikamuuliza tena, nikidhani amekosea. Akacheka, akanieleza kwamba kwao anayesema yuko koleji anasomea shahada, na ziko koleji zenye sifa kuliko vyuo vikuu vingi. Uingereza koleji mara nyingi ni mahali pa kusoma kabla ya chuo kikuu. Kanada ni pa stashahada na ufundi. Australia hata sekondari nyingine huitwa hivyo. Kiingereza kimoja, kila nchi na koleji yake. Siku hiyo hata chai ya saa nne ilinishinda.

Na binti yuko shule hiyohiyo, anafundisha jiografia kwa kujitolea huku akisubiri ajira. Kila nikipita dirishani nikamsikia anaeleza volkano, roho inaniuma. Juzi sikuweza kuvumilia tena. Nikamfuata ofisini tukiwa wawili tu, nikamwambia nilidanganya ukoo kwa jambo nisilolijua, na ninaomba anisamehe.

"Nilijua, baba mdogo," akasema taratibu. "Nilijua siku ileile."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshasema mbele ya wazee. Ningekuumbua vipi?"

Kengele ikalia. Akakusanya madaftari ya wanafunzi, akaenda kwenye kipindi chake.