Misumari Mitatu ya Bwana Muhuri

Nyuma ya mlango wa sebule ya babu, mzaa mama, palikuwa na misumari mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa koti la kahawia alilovaa kwenda ofisini, ambako alikuwa karani wa vizazi, ndoa na vifo. Wa pili ulikuwa wa koti jeusi la Jumapili, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa. Wa tatu, uliopigiliwa chini kidogo, ulikuwa wa sweta la kijivu la nyumbani, lililotoboka kiwiko cha kulia kwa kuegemea meza. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila mtu mzima hubadilisha nguo hivyo. Baadaye nikajua ni yeye tu, na kwamba mtaa mzima ulimtania kwa hilo ukamwita Bwana Muhuri.

Ukimfuata nyumbani na shida ya cheti cha kuzaliwa, alikupa kiti na chai, kisha akaelekeza kidole mlangoni. "Koti liko msumarini," alisema. "Njoo kesho saa mbili, utalikuta kazini." Na ukimwuliza ofisini habari za ubatizo wa mwanao, alikuambia usubiri Jumapili.

Aliamini kwamba Mungu ameweka mamlaka tatu juu ya binadamu, yaani nyumba, kanisa na serikali. Kila moja ina mlango wake, na anayetoka mlango huu kwenda ule sharti apige hodi kama mgeni. Hakuwa mtu wa kuhubiri jambo hilo, alilitenda tu. Mkuu wa tarafa alipotaka orodha ya washirika wa kanisa ili awajue waliokwepa kazi za barabara, babu alimjibu kwamba orodha ile iliandikwa kwa ajili ya ubatizo na meza ya Bwana, basi. Mchungaji naye alipomwomba apunguze miaka miwili kwenye cheti cha mpwa wake ili apate nafasi shuleni, alimjibu vivyo hivyo, ila kwa sauti ya chini zaidi, kwa kuwa alimpenda.

Nikiwaona leo wakubwa wanaosimama madhabahuni kuomba kura, na wachungaji wanaokwenda ikulu kuchukua bahasha na maelekezo, na akina baba wanaolitaja jina la Mungu kila wanapotaka kunyanyua mkono, damu inanichemka. Wote hao wamevaa makoti yote kwa pamoja na bado wanalalamika joto. Lakini sikuketi kuandika habari zao. Nataka kueleza siku tatu ambazo babu mwenyewe nusura afanye kama wao, kwa kuwa funguo za milango yote mitatu zilikuwa mfukoni mwake.

Mama yangu alikuwa binti yake wa pekee. Bibi alifariki mama akiwa na miaka kumi na saba, na tangu siku hiyo mama ndiye aliyeendesha nyumba. Alipofikisha ishirini na mitatu akampenda fundi redio, kijana mpole aliyekuwa na kibanda karibu na stendi. Fundi akaleta wazee wake kuposa. Babu akawasikiliza akiwa ndani ya sweta lake, akawaandalia chakula, akakataa. Hakutoa sababu. Wiki ile ile fundi akapata kazi kwenye kituo cha redio katika mji wa mbali, na alitakiwa aripoti baada ya siku ishirini na nne kuanzia Jumatatu. Sheria ilidai tangazo la ndoa likae ubaoni siku ishirini na moja. Kanisa nalo lilidai litangazwe Jumapili tatu.

Jumatatu asubuhi mama akapanga foleni kwenye dirisha la ofisi ya babu, nyuma ya mwanamke aliyefuata cheti cha kifo. Zamu yake ilipofika akamwamkia. Babu akaitikia, akavuta fomu, akachovya kalamu.

"Jina la baba?"

Mama akalitaja.

"Yu hai au amefariki?"

"Yu hai. Ila tangu juzi hasemi, kwa hiyo sina hakika sana."

Watu kwenye foleni wakacheka. Mpiga chapa, dada mmoja mnene aliyekaa nyuma ya babu, akajifunika uso kwa karatasi. Ndiye aliyenihadithia habari za ofisini, na kila akihadithia alifuta machozi ya kicheko. Babu hakucheka. Akauliza kazi ya baba, akaandika "karani", akamaliza fomu hadi mwisho. Mama akataka kujua mbona hajaulizwa kama baba amekubali. Babu akasema fomu haina nafasi hiyo, mwombaji ana miaka ishirini na mitatu. Akamwita anayefuata.

Fomu zote za ndoa zilibandikwa ubaoni kabla ya saa sita siku ile ile. Hiyo ilikuwa kanuni yake mwenyewe. Saa sita ikapita. Mpiga chapa akaona fomu ya mama ikiingia kwenye droo ya chini, na ufunguo ukizungushwa.

Ingelala pale siku tatu tu, zile ishirini na moja zisingetosha tena. Baada ya hapo fundi angeondoka peke yake, na mambo ya mbali mara nyingi hupoa.

Jioni mama alipita ofisini, akauona ubao hauna jina lake. Hakugomba njiani. Alisubiri babu afike nyumbani, avue koti la kahawia, avae sweta, aketi. Ndipo akasimama mbele yake.

"Baba," alisema, "ukinikatalia humu ndani nitalia, lakini nitakuelewa, kwa kuwa humu wewe ni baba yangu. Ukinikatalia kwa droo ya serikali, nitakuamkia kama ninavyowaamkia wakubwa wengine. Zaidi ya hapo hutapata."

Mama anasema babu aliinama kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Chakula kikapoa, hakuna aliyekigusa.

Jumanne babu akaenda kwa mchungaji. Nadhani alitaka akemewe. Badala yake mchungaji akamshika bega, akamkumbusha kwamba kuwaheshimu wazazi ni amri, na kwamba binti mwenye nyumba ya kutunza hana haraka ya kwenda kokote. Akasema wao kanisani wataahirisha matangazo kwa sababu yoyote ile, yeye naye aendelee kuichelewesha karatasi yake, na mambo yatajimaliza yenyewe. Aliyasema haya kwa upole, akimimina chai.

Babu alimweleza mama miaka mingi baadaye kwamba chai ile aliiacha mezani. Alijiona kwenye uso wa mchungaji kama mtu anayejiona kwenye kioo cha kinyozi, kwa nyuma, mahali ambapo hajawahi kujitazama. Alimpenda mchungaji yule hadi kifo, lakini alisema siku ile ndipo alipojua jinsi ilivyo rahisi kupita mlango bila kupiga hodi.

Jumatano, saa nne, mpiga chapa akamwona Bwana Muhuri akivua koti la kahawia na kulitundika kwenye kiti chake. Akatoka nje na shati tupu, akazunguka jengo, akapanga foleni. Walikuwa watu watano mbele yake. Mmoja akamwuliza kama amefukuzwa kazi. Mwingine akamwambia asogee mbele, akakataa. Alipofika dirishani hapakuwa na mtu wa kumhudumia, kwa hiyo mpiga chapa ikabidi aketi kwenye kiti chenye koti.

"Mzee, leo uko upande gani?" aliuliza.

"Huu wa foleni," babu akajibu. "Nipe fomu ya pingamizi la ndoa."

Akapewa. Akasimama pembeni, akiegemea ukuta. Akajaza jina lake. Akajaza uhusiano wake na mwombaji: baba. Kisha akafika kwenye mstari wa sababu. Fomu ilitaja sababu zinazokubalika, alizozijua kwa moyo kwa miaka kumi na tisa: umri mdogo, ndoa nyingine, undugu wa damu, kulazimishwa. Mpiga chapa anasema alisimama pale hadi foleni ikaisha na nyingine ikaanza. Kisha akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akazunguka jengo, akavaa koti. Akafungua droo. Akabandika tangazo kwa pini nne badala ya mbili, katikati ya ubao, mahali ambapo hata kipofu angeambiwa lipo.

Siku ishirini na moja zilitosha, ikabaki siku moja tu ya safari.

Jumapili akiwa na koti jeusi alimwambia mchungaji kwamba matangazo ya wiki hiyo atayasoma yeye, kama zamu yake ilivyotaka. Mchungaji akamtazama, akampa daftari. Babu akasoma jina la binti yake na la fundi, akauliza kama yupo mwenye kujua kizuizi, na kama desturi ilivyo, akasubiri. Mama anasema kimya kile kilikuwa kirefu kuliko vyote alivyowahi kusikia kanisani, na kwamba mzee mmoja wa mbele alikohoa, yeye akakaribia kuzimia. Ilikuwa hivyo Jumapili zote tatu.

Siku ya harusi mama alitoka chumbani akamkuta babu mlangoni, na misumari miwili ina makoti. Alikuwa amevaa sweta la kijivu. Shangazi wakamzunguka, wakamsihi, mmoja akamwambia anaaibisha ukoo mbele ya wakwe. Akasema karani amempa mpiga chapa kazi ya muhuri leo, na wazee wengine wa kanisa wapo wa kutosha. "Mimi nampeleka mwanangu," akasema, na wakaenda hivyo, kiwiko kikionekana kila alipopinda mkono ambao mama aliushika.

Mama aliondoka kesho yake pamoja na mumewe. Kwenye kituo cha basi alimvua babu lile sweta kwa nguvu, kwa kuwa kwa miaka miwili alikuwa akimwahidi kulishona, na akamwambia atalipata kwa posta. Huko ugenini, alipoligeuza ili aanze kazi, karatasi iliyokunjwa mara nne, ambayo babu alikuwa ameihamishia humo, ikaanguka kutoka mfukoni. Akaisoma. Jina. Baba. Kisha mstari mtupu.

Karatasi ile sasa ninayo mimi. Pale kwenye mstari kuna doa dogo la wino, mahali kalamu ilipogusa na kuinuliwa. Nyumba ya babu imenunuliwa na watu wengine, wamepaka rangi juu ya misumari, lakini ukipitisha kidole utaihisi.

Mama hakupata sufu ya kijivu mji ule. Sweta alilishona kwa kijani, akalituma, na barua yake haikutaja karatasi. Babu alipokuja kututembelea mara ya kwanza, mimi nikiwa mgongoni mwa mama, alishuka kwenye basi akiwa amelivaa. Mama akaomba amwonyeshe kiwiko, kama kimeshika. Akapinda mkono, akaunyoosha, akaupinda tena.

"Kimeshika," alisema. Kisha akanipokea.