Galoni Ngapi kwa Siku?

Nilikuwa karani wa majaribio katika ofisi ya wilaya, Handeni, wiki ya tatu tangu nitoke shule, telegramu ilipoingia kutoka Tanga: “Kometi inafika Korogwe Ijumaa. Ipokeeni.”

Ningemuuliza Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, lakini niliogopa ataniona mjinga na kunifukuza. Nikawaza siku mbili. Dukani kwa Hasanali niliwahi kuona pampu ya maji ya dizeli iitwayo Kometi. Handeni maji ni shida. Basi ni pampu! Nikajibu telegramu kwa maswali mawili, kisha Ijumaa nikaenda stesheni ya Korogwe na lori, kamba, kopo la grisi na wanaume wanane.

Nikamkuta Bwana Shauri mwenyewe, amekuja kuwalaki wanamuziki wa dansi aliyoiandaa. Treni ikashusha vijana watano wenye suti nyeupe, magitaa na ngoma, na mzee mwenye tarumbeta.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Sisi ndio bendi ya Kometi. Wewe ndiye karani wa Handeni?”

Nikaficha grisi mgongoni. “Ndimi.”

Akatoa telegramu yangu mfukoni, akaisoma kwa sauti ya jukwaani: “‘Kometi inakunywa galoni ngapi kwa siku? Ikilazwa zizini itaharibika?’”

Bwana Shauri akazitazama kamba zangu.

“Mimi galoni moja yanitosha,” akasema mpiga ngoma, “ila ng'ombe watoke kwanza.”