Makala ya Sita ya Daktari Wetu

Nilikuwa nimewaandalia hadithi ya vile nilivyojinyoa mwenyewe wakati wa lockdown mpaka jirani akauliza kama nimefanyiwa operesheni. Itangoja. Jumatatu ya wiki iliyopita, nikiwa stesheni ya treni ya Toongabbie na chai yangu kwenye chupa, nilipigiwa simu kwamba yule dada daktari, Mkongomani wa Bukavu aliyekuwa amenipangisha chumba, ametutoka. Mapafu. Hayakuwahi kurudi sawa tangu corona ya mwaka jana. Treni ikaja, ikafungua milango, ikafunga, ikaenda, mimi nimesimama tu. Wengi wenu mnamjua: mama mfupi aliyekuja kanisani kwetu Mount Druitt na kinasa sauti mkobani, akiuliza watu mgongo unauma wapi na bosi alisemaje ulipomwambia. Hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa daktari wa vitabu, mtafiti katika chuo kikuu kimoja hapa mjini, na alichokuwa anatafiti ni sisi wenyewe, Waafrika tunaoinua wazee wa watu kwenye nyumba za kutunzia wazee. Tulimzika Jumamosi. Nina jambo la kusema juu yake, na ninaogopa kulisema. Nimefuta safu hii mara nne.

Mimi mnanijua, shule niliiacha form two, au yenyewe iliniacha, inategemea unamuuliza nani. Kuishi na mtu mwenye PhD kulinifanya niogope hata kuosha vyombo vibaya. Lakini alikuwa mtu wa kueleza. Jioni moja mezani alinieleza jinsi mtafiti anavyopimwa pale chuoni kwao. Kamati haikuulizi umeandika nini. Chuo kina ghala lake la makala kwenye mtandao, yeyote duniani anafungua na kusoma bure, na kamati inahesabu yaliyomo mle. Makala yako hata ikitoka kwenye jarida la kifahari namna gani, kama haimo ghalani, hukuandika. Nikamwambia, "Kwa hiyo ni kama mbuzi, wanahesabiwa walio zizini tu." Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Ndugu yangu, iyo kamati ingekupa kazi kesho." Alitakiwa awe na makala sita. Sita, mkataba unaendelea. Tano, unaisha Desemba. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Tano alikuwa ameshaziweka. Ya sita jarida liliikubali wiki hiyo hiyo, na Jumatano majibu ya kipimo yakarudi: ana corona.

Ijumaa hiyo mnaikumbuka, zile siku helikopta ya polisi ilikuwa inazunguka juu ya mapaa yetu kama inatafuta mtu aliyekula bila barakoa. Yeye amejifungia chumbani, mimi niko jikoni na kompyuta yake, nimevaa barakoa mbili na glavu za kazini, kana kwamba virusi vinatoka kwenye skrini. Tulikuwa tunaongea kupitia mlango. Kila akikohoa nilikuwa nasimama, nakaa tena. Saa nane nikamwambia naita ambulensi. "Kwanza weka iyo makala," akasema. "Wakinichukua, nani ataweka?"

Nikaweka. Nilichagua ile nzuri, yenye nembo ya jarida, safu mbili mbili, kila kitu kimenyooka. Baada ya nusu saa kijana wa maktaba ya chuo, anayesimamia lile ghala, akanipigia, naye anafanya kazi kutoka kwake, nasikia birika linachemka. Akasema kwa adabu zote kwamba hiyo hawaruhusiwi kuiweka, ile sura nzuri ni mali ya jarida. Ghala linapokea andiko la mwisho la mwandishi mwenyewe, kabla jarida halijalipamba. Nikajibu, "No worries," kwa sauti ya mtu mwenye worries zote za New South Wales.

Sasa fungua lile folda uone. Kuna Final. Kuna Final mbili. Kuna Final kabisa, kuna Final ya kweli, kuna nyingine imeandikwa Final Mungu nisaidie. Nikamwuliza kupitia mlango ni ipi, nikasikia kukohoa tu. Nikachagua Final kabisa. Ilionekana imeamua. Saa kumi na dakika kumi na tano kijana akaandika kwamba imepokelewa na tayari inaonekana. Nikaifungua pale ghalani nijionee, na kitu cha kwanza macho yangu yaliona ni jina langu.

Nitawaambia ukweli: nilifurahi. Mimi, wa form two, niko kwenye makala ya chuo kikuu, na herufi kubwa nimepewa! Halafu nikasoma chini ya jina. Yalikuwa maneno yangu niliyomwambia kwenye kinasa sauti, kuhusu meneja wetu na ile mashine ya kuinulia wagonjwa iliyokaa imeharibika tukaambiwa tutumie mikono. Jina la nyumba yetu ya wazee lipo. Jina la meneja lipo. Nikashuka chini. Mama fulani wa kwaya, ambaye visa yake imeshikwa na mwajiri, jina lake kamili, na jinsi alivyoumia akaambiwa asiripoti. Mwingine. Mwingine. Watu kumi na mmoja, wote wa kwetu. Ndivyo alivyokuwa akifanya kazi: mwanzo anaandika majina halisi ili asichanganye watu, mwisho anayaondoa yote. Mimi nilikuwa nimepandisha ya kabla ya kuondoa, na dunia nzima inaweza kuisoma bure.

Nikaenda mlangoni. "Dada, ile niliyoweka ina majina."

Nikasikia kitanda kikilia. "Majina ya batu?"

"Ya watu. Hata langu."

"Itoe."

"Ikitoka unabaki na tano, dada. Imebaki nusu saa. Tuiache mpaka Jumatatu, tubadilishe polepole. Nani anasoma makala Jumamosi?"

Akafungua mlango. Hakutakiwa kuufungua. Midomo ilikuwa na rangi ambayo sijawahi kuiona kwa mtu anayesimama. "Meneja wako anasoma," akasema. "Itoe sasa. Bale bamama baliongea na mie juu niliapa kuficha majina yabo."

Nikampigia kijana wa maktaba. Saa kumi na nusu na dakika chache ikatolewa. Nikaita ambulensi, nikarudi kwenye yale mafaili. Sikuthubutu tena kuchagua kwa jina. Nikaanza kusoma, mstari kwa mstari, Kiingereza kile kinachonipiga makofi, nikitafuta jina lolote la mtu wetu. Ya kwanza nikakuta mawili. Ya pili nikasoma mpaka ukurasa wa kumi, nikakuta moja. Ambulensi ikaja, wahudumu wamevaa kama wanaanga, wakamtoa kwa kiti, akanipungia kidole kimoja tu. Saa kumi na moja ikafika nikiwa ukurasa wa tatu wa faili la tatu. Safi kabisa niliipata saa kumi na moja na dakika ishirini. Final Mungu nisaidie, ndiyo ilikuwa hiyo. Ukurasa wa ghala ukaniambia muda umekwisha. Nikampigia kijana, akasema, "Sorry mate, ghala limejifunga lenyewe." Nilimwamini. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayetaka kulia.

Dada alirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Barua ya kamati ilimtangulia. Haikuuliza kwa nini tano. Januari akaanza kazi ya casual, yaani kibarua, kwenye nyumba yetu ya wazee, zamu moja na mimi, anainua wazee kwa yale mapafu. Nikimwomba msamaha alikuwa ananikata: "Funga kinywa, shika miguu yake." Kamati ile inajua kuhesabu kilichowekwa. Sijui kama duniani kuna kamati inayohesabu kile ambacho mtu alikitoa akijua kitamgharimu kazi. Kwa form two yangu sina cha kuwafundisha maprofesa, ila najua sasa mtu aliyekubali kubeba siri yako anapimwa siku siri hiyo inapomwumiza yeye.

Sasa ninaloliogopa. Jumamosi baada ya mazishi, kwenye foleni ya pilau, mama mmoja nyuma yangu alisema, "Masomo yote yale, halafu makala sita tu zimemshinda. Uvivu." Wengine wakacheka. Mimi nikaomba kachumbari. Nilikaa kimya kwa sababu kusema ukweli ni kukiri ni kidole cha nani kilichoharibu. Mama, najua unasoma safu hii, huwa unanitumia makosa yangu ya herufi. Makala zilikuwa sita. Ya sita ilionekana kwa dakika chini ya thelathini, kisha dada akaamuru niitoe. Jina lako lilikuwa ukurasa wa pili.