Muuaji wa Barazani Kwetu

Mume wangu wa kwanza alikuwa karani bandarini, na akitoka kazini alikuwa mwongo mwenye wasikilizaji wengi. Baada ya sala ya alasiri wanaume wa mtaa wetu wa Usagara walijaa barazani kwetu, nami nyuma ya pazia napika kahawa, namsikia akisimulia kisa cha muuaji wake.

Muuaji huyo alimtunga mwenyewe. Mchana ni mshona kofia wa mtaa wa Nguvumali, mpole, hampiti mzee bila shikamoo. Giza likiingia anachinja madhalimu. Lakini ana masharti: hamgusi mwanamke wala mtoto, na haui mtu mpaka apate mashahidi wawili wa dhuluma yake. "Huyo ndiye mwanamume!" walisema wanywa kahawa yangu. Nilimchukia mshona kofia yule kuliko Ibilisi.

Maana wakishaondoka, mkono uleule uliokuwa ukizungusha kisu hewani ulinishukia mimi. Nikaenda kwa kadhi kuomba ndoa ivunjwe, akataka mashahidi. Nyumba zetu zilishikana ukuta. Jirani akikohoa unampa pole bila kutoka kitandani. Lakini walipoulizwa, mabwana wale wa barazani walisema hawajapata kusikia kitu. Nikarudishwa kwa mume wangu, na siku ileile akaning'oa jino.

Kesho yake walikuja kama kawaida. Mume wangu akauliza kwa mbwembwe, "Haya jamaa, leo achinjwe nani?"

Nikalivuta pazia kando, sikuuficha mdomo uliovimba.

"Yuko karani mmoja," nikasema. "Anasimulia visa barazani, wageni wakitoka anampiga mkewe. Mashahidi nao wapo. Wamekaa hapa, wanakunywa kahawa ya mke huyo."

Mume wangu akacheka. Muuza samaki, jirani yetu wa mkono wa kushoto, akaweka kikombe chini.

"Mimi nilisikia," akasema. "Jana, na siku nyingi kabla ya jana."

"Hata mimi," akasema mwingine, macho yake sakafuni.

Wakaenda kwa kadhi, ndoa ikavunjwa. Sikuwashukuru. Masikio walikuwa nayo tangu mwanzo.

Mpaka leo wapo wanaoniuliza mshona kofia yule alikuwa nani hasa. Nawajibu kwamba hakuwapo. Angekuwapo, nisingelazimika kuwaonyesha wanaume wale mdomo wangu.