Vifurushi Vitano vya Joska Anena

Joska Anena hakuwahi kutia sahihi yake chini ya uongo. Kanuni hiyo hakupewa na padri wala na mwalimu. Aliipata kwa mumewe, Oloya, mnyapara wa kikosi cha kutengeneza reli, ambaye alikuwa akisema kwamba mtu anayeandika kuwa bolti imekazwa, na haijakazwa, amekwisha kuua watu ila hajaambiwa ni wangapi. Oloya alifariki kwa ugonjwa wa kifua. Joska akabaki na kazi yake ya kufua mashuka ya hospitali kule Nsambya jijini Kampala, chumba chake kimoja Kisugu, na kanuni ile.

Mwezi wa Machi mwaka 1977 alipata barua kutoka kwa mdogo wake, Ongom, aliyekuwa akiishi na mama yao kijijini, nusu siku kwa miguu kutoka Gulu. Barua ilikuwa fupi. Mama hainuki tena kitandani. Kuna neno anataka kukuambia wewe, mzaliwa wa kwanza, na sisi wengine hataki tulisikie. Usikawie.

Katika nchi yenye serikali, mtu akipata barua kama hiyo hupanda basi. Mwaka ule mabasi machache yaliyopata petroli yalisimamishwa kwenye kila kizuizi, abiria wakashushwa, vipande vyao vya utambulisho vikasomwa. Wenye majina ya kaskazini, ya Kiacholi kama la Joska na ya Kilango, waliambiwa wasimame kando. Kisha basi likaondoka na viti vitupu. Hakuna aliyewaambia ndugu zao kosa lao lilikuwa nini, kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa jina walilopewa na wazazi wao.

Joska alimjibu Ongom kwamba atafika, kisha akaamua kwenda kwa miguu, akipita njia za vijijini zinazozunguka vizuizi. Alikadiria siku kumi na nne. Miguu haikumtia wasiwasi. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na kwa miaka ishirini alikuwa amesimama mbele ya karai la maji moto. Kilichomtia wasiwasi ni chakula. Maduka ya njiani yalikuwa rafu tupu, chumvi na sabuni zilipatikana kwa magendo tu, na mwanamke mwenye mzigo kichwani alikuwa duka la kila mwenye bunduki.

Hapo akakumbuka kazi ya Oloya. Alipotumwa kukagua reli kwa miguu, siku nyingi mfululizo, hakubeba posho. Aliitanguliza kwa treni, stesheni hadi stesheni, kopo moja moja, kila moja limeandikwa jina lake mwenyewe. Yeye akatembea na nyundo tu, na kila alipochoka alikuta chakula kinamngoja. Joska angefanya vivyo hivyo kwa posta. Vifurushi vitano katika miji mitano ya barabara ya kaskazini, vikae hapo mpaka mwenyewe afike na risiti.

Katika kila kimoja aliweka unga wa mtama uliokaangwa, kopo la odii, yaani ufuta na karanga zilizosagwa pamoja mpaka zikawa laini kama siagi, chumvi kidogo na kipande cha sabuni. Jirani yake, Pélagie, fundi cherehani aliyetoka Kongo, alivishonea kitambaa cheupe, kwa kuwa posta haikupokea kifurushi kisichoshonwa. Joska alipochukua kalamu kuandika anwani, Pélagie aliusimamisha mguu wake kwenye pedali.

"Joska, utaandika nini hapo?"

"Jina langu."

"Na pale pa mtumaji?"

"Jina langu pia. Nani mwingine anatuma?"

Pélagie alicheka kwa huzuni. "Kule kwetu nilikuwa na majina manne, na yote yalikula chakula. Andika Marie-Louise. Andika Nakato. Hilo Anena linanuka kaskazini kutoka huku mpaka kizuizini."

"Sasa nikifika, Marie-Louise atatia sahihi kwa mkono wa nani?"

"Kwa mkono wako, dada. Mkono hausemi kabila."

"Wangu unasema," alijibu Joska, akaandika Joska Anena mara mbili kwenye kila kifurushi, herufi kubwa, zilizonyooka.

Alipeleka vifurushi posta, akangoja wiki moja vitangulie, akaondoka na kikapu chenye khanga moja na chupa ya maji. Njia haikumwonea. Usiku alilala kwenye nyumba za walei wa parokia. Posta ya kwanza alitoa risiti, akatia sahihi, akapewa chakula chake. Posta ya pili, ya Luwero, vilevile, na karani alimtania kwamba yeye ndiye mteja pekee mwaka huo aliyepokea alichotumiwa.

Posta ya tatu ilikuwa chumba kimoja katika mji mdogo kabla ya kuvuka Mto Nile. Karani alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliitazama risiti, kisha akamtazama Joska kama mtu anayetamani mgeni wake awe amekosea mlango.

"Nyabo, afadhali ungekawia kidogo," alisema kwa sauti ya chini, akimwita bibi kwa Kiganda. Lakini mlango wa nyuma ulikuwa umekwisha kufunguka.

Aliyeingia alikuwa mtu wa usalama, mwenye shati la maua na viatu vya kisigino kirefu vya mtindo wa miaka ile. Mkononi alishika kifurushi, mshono wa Pélagie umekatwa kwa kisu, na kwenye ndevu zake kulikuwa na odii.

"Hii chakula ya nani?"

"Yangu."

"Nani alituma?"

"Mimi."

"Alituma kwa nani?"

"Kwangu mimi."

"Mama, wewe nacheza na serikali? Mtu gani najitumia chakula? Chakula iko Kampala, wewe iko Kampala, unakula, basi." Alihesabu kwa vidole vyenye mafuta taarifa alizopata kutoka posta nyingine. "Luwero moja. Hapa moja. Mbele ya mto, ingine. Hii ni njia ya waasi. Wewe unawawekea stoo."

"Afande, nakwenda kumwona mama yangu mgonjwa. Nakula njiani, kama wewe unavyokula sasa."

Karani aliinamisha kichwa kwenye daftari lake. Mtu wa usalama hakucheka.

Tafakari akili ya utawala wa namna hiyo. Wenye magari walipitisha sukari ya magendo kwa magunia, wakapigiwa saluti. Mjane aliyelipia stempu na kuandika jina lake kamili akawa tishio kwa taifa, kwa sababu katika nchi iliyozoea kujificha, mtu asiyejificha hakueleweka. Kilichowatia shaka ni kwamba kila kitu kwenye kifurushi kile kilikuwa kweli.

Walimfungia kwenye stoo nyuma ya ofisi ya tarafa. Siku ya tatu karani wa posta alikuja na karatasi na kikombe cha uji. Alimwomba radhi kwanza, jambo ambalo hakuna mwingine pale aliyelifanya.

"Nyabo, nimezungumza naye. Jambo la waasi ataliacha. Lakini ameshaandika kwamba amekamata mtu, lazima kosa liwepo. Tia sahihi hapa kwamba wewe ni mchuuzi wa magendo. Vitu vinataifishwa, wewe unakwenda zako leo hii."

Joska aliisoma karatasi yote. "Ninachuuza nini?"

"Chumvi na sabuni."

"Nani alinunua?"

"Hakuna. Ni maneno tu. Mama yako anakungoja, nyabo. Neno moja la uongo, na kesho umevuka mto."

Alikaa na karatasi ile mpaka uji ukapoa. Alimwona mama yake, amelala upande wa ukuta, akiuliza kama ni yeye kila mtu alipoingia. Alijua vizuri sana kilichokuwa kwenye mizani, na asidhani mtu kwamba ilikuwa rahisi. Kisha akairudisha.

"Nikitia sahihi hapa, kila mwanamke anayebeba chumvi ya watoto wake barabara hii atakamatwa, na wataonyesha karatasi yangu kwamba tuko hivyo. Peleka. Asante kwa uji."

"Atakasirika."

"Akasirike. Ameshiba."

Hakupigwa, alisahauliwa. Siku zikapita, mtu wa usalama akimaliza odii na kurudi kuuliza kama sasa mama ana akili. Kila mara alijibiwa kwamba akili ni ile ile. Siku ya kumi na moja mlango ulifunguliwa, akaambiwa aondoke upesi. Hakukuwa na msamaha wala hukumu. Sukari waliyowanyang'anya wachuuzi ilikuwa imefika kwa lori, na stoo ilitakiwa.

Alivuka daraja alfajiri, nyuma ya wanawake waliokwenda sokoni. Posta ya nne aliingia waziwazi, akatoa risiti yake, akatia sahihi jina lake, akapewa kifurushi kizima, kwani amri ya kukikamata ilikuwa bado iko njiani. Alikula amesimama, akaendelea. Aliupita mji wa posta ya tano bila kuulizia chochote, maana kuisubiri ifunguliwe kungemla nusu siku.

Ongom alimpokea uwanjani, kichwa kimenyolewa kwa msiba, na hapo Joska hakuhitaji kuuliza.

"Lini?"

"Ijumaa."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

"Alisema nini?"

"Nilimwomba aniambie mimi, nikupe. Alikataa. Alisema utafika, wewe hujawahi kudanganya." Ongom aliufuta uso wake kwa kiganja. "Akangoja. Mwisho alikuwa akitikisa kichwa tu."

Siku kumi na moja zilichukuliwa na watu waliotaka sahihi moja. Joska hakuwapa, na neno ambalo mama yake alimwekea yeye peke yake lilizikwa siku nne kabla hajafika. Hakuna mtu aliyewahi kulijua.