Mlango wa Mume Wangu

Mume wangu ni seremala, na upole wake utaniua. Alitangulia mjini miezi minne kututafutia chumba. Vyumba vya huko bei yake haishikiki, akapata kimoja cha nafuu, hakina mlango wala madirisha. Mwenye nyumba akamwambia, "Wewe si fundi? Kitengeneze, uishi kwa raha zako." Masikini, akachonga mlango wa mbao ngumu, fremu, madirisha mawili, vyote kwa mbao na misumari yake. Akanipigia simu nipande basi na mtoto.

Nilipofika nilimkuta kando ya barabara, amekaa juu ya godoro letu. Asubuhi ile mwenye nyumba alikuwa amemtolea vitu nje, kisa kampata karani wa benki atakayelipa kodi mara mbili ya yetu.

"Twende tu, mke wangu. Tutapata kwingine."

Damu ilinichemka. Jua la saa sita, mtoto wa miezi saba mgongoni, ananiambia twende. Nikamuuliza bisibisi iko wapi.

Mzee mwenye nyumba alikuwa kibarazani anachokonoa meno. Nikampa shikamoo yake, maana nimelelewa, kisha nikaanza na bawaba ya chini.

"We mama, unafanya nini?"

"Nachukua mlango wa mume wangu, mzee."

"Mlango ni wa nyumba."

"Basi nionyeshe fundi uliyemlipa."

Akarudisha kijiti mdomoni. Wapangaji wakatoka kutazama. Mmoja, fundi bomba, akaninong'oneza kwamba mabomba yote ya pale kayafunga yeye kwa pesa yake, na juzi kaambiwa ahame. Nikamuuliza kama spana yake iko karibu.

Karani akafika na friji juu ya mkokoteni. Akachungulia lile shimo la mlango, akaona na maji yanavyotiririka uani, akamwambia msukuma mkokoteni ageuze. Sitaki kudanganya, nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Siku tatu tulilala kwenye karakana anakofanyia kazi mume wangu, mchana tukizunguka kutafuta. Tukapata chumba ambacho kila mtu alikikataa kwa sababu hakina mlango. Mume wangu akaupiga randa kidogo ule mlango wetu, ukaingia. Safari hii nimehakikisha tumeandikiana mkataba.

Chumba chenyewe kiko ng'ambo ya uchochoro, kinatazamana na kibaraza cha yule mzee. Chake bado kitupu. Kila asubuhi nikitoka namwamkia, "Shikamoo, mzee." Nangoja mpaka aitikie marahaba. Ndipo naubamiza mlango.