Kikombe Alichokionja Mama

Nikisikia kikombe cha kauri kikitua kwenye kisahani chake, hugeuka kutazama, hata niwe katikati ya maneno. Simtazami aliyekitua. Ninamtazama atakayekinyanyua baada yake. Wenzangu wa chuo wameshaniuliza ninawachunguza watu nini mezani, nami huwajibu kwamba ni mazoea tu. Nyinyi nitawaeleza ukweli.

Mliokaa Texas mnaijua adha yake. Ukiagiza chai mkahawani unaletewa gilasi ndefu iliyojaa barafu. Mama yangu, Mkisii aliyelelewa kwa chai ya maziwa iliyochemshwa mpaka ikapanda na kushuka sufuriani, hakulizoea jambo hilo hata kidogo. Aliitazama ile gilasi kama mtu aliyeletewa maji ya kuoshea vyombo. Kwa hiyo Anti Nafula, rafiki yake na muuguzi mwenzake pale hospitalini, alipogundua mkahawa wa chai wa Kiingereza ndani ya nyumba kuukuu ya mbao, nje kidogo ya Fort Worth, kwetu ilikuwa habari ya kushangiliwa. Chai ya moto, na birika zima, na vikombe vyenye vishikio!

Ikawa ndiyo ada yetu ya Jumamosi. Mama na Anti Nafula walikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, macho mekundu, viatu vyao vya mpira vikilia kwenye sakafu ya mbao. Mama Nella, jirani yetu Mrundi aliyefanya kazi ya kufua mashuka hotelini, ndiye aliyetuleta sisi watoto kwa gari lake, mimi na binti yake Nella. Ukifungua mlango tu ulipigwa na harufu ya siagi na mkate uliochomwa. Mapazia yalikuwa ya maua, viti vya maua, vikombe vya maua, na mwenye mkahawa, ajuza wa Kiingereza mwenye miwani ya kamba, naye alivaa gauni la maua, hata ungeweza kumkosa akisimama karibu na dirisha. Birika lilikuja limevishwa sweta ya sufu. Mimi na Nella tulicheka kila Jumamosi, eti birika linasikia baridi katika joto la Texas. Skonzi zao hazikuwa kama zile za nyumbani. Zilikuwa fupi na nene, zikivunjikavunjika ovyo, lakini ukizipaka jemu na ile krimu nzito ulisahau kulalamika. Anti Nafula alikuwa amemfundisha yule ajuza kutuchemshia maziwa, na kila mara aliyaleta akitikisa kichwa.

Sasa niwaeleze kidogo habari za Mama, maana bila hivyo hamtanielewa. Mama aliosha ndizi kwa sabuni kabla ya kuimenya. Kwetu kila mtu alikuwa na kikombe chake, kimetiwa alama kwa rangi ya kucha, na kunywa kwenye kikombe cha mwenzako ilikuwa kesi. Hata pale mkahawani alitoa vitambaa vya dawa mkobani akapangusa vijiko vyote.

"Mama Kerubo, hapa si wodini, bwana!" Anti Nafula alimwambia.

"Wewe pia umeona venye watu hugonjeka," Mama alijibu, akiendelea kupangusa.

Nella alikuwa rafiki yangu wa pekee. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, msichana mrefu mwenye haya, na shuleni sikuwa na mwingine wa kukaa naye wakati wa chakula cha mchana. Kwa hiyo mambo ya mama zetu yalinihusu sana.

Mwaka huo, 2018, Nella alipokea komunyo yake ya kwanza, na nyumba yao ikajaa Warundi wa parokia yetu, wengi wao watu wazima waliopitia kambi za wakimbizi za Tanzania. Mama Nella alileta jagi la juisi ya nanasi aliyoitengeneza mwenyewe. Alimimina gilasi ya kwanza, akaionja yeye, kisha akampa Mama kwa mikono miwili mbele ya wageni wote. Mama alitabasamu, akaenda kwenye sinki, akaimwaga. Akaisugua gilasi kwa sabuni, akaisuuza, akarudi nayo.

"Sasa niwekee, dada," alisema kwa upole kabisa.

Nilikuwa nimesimama karibu na sinia la sambusa. Niliona sebule nzima imenyamaza, nikadhani wanangoja sala.

Jumamosi iliyofuata Mama Nella hakuja mkahawani. Alipata udhuru, na Jumamosi nyingine akapata udhuru mwingine. Kanisani alihamia benchi la upande wa pili. Mama alipika chapati, zile zake laini zenye tabaka, akampelekea kwa mkono wangu. Chombo kilirudi na chapati zote, hata karatasi ya kuzifunika haikuwa imeguswa. Mama alikifunua akazitazama muda mrefu.

"Nimemkosea nini huyu mtu?" aliniuliza, kana kwamba mimi ningejua.

Kisha siku moja ndani ya basi la shule, Nella akaniambia bila kunitazama, "We're moving to Houston." Baba yake alikuwa amepata kazi huko, kwenye ghala. Nililia mpaka dereva akanitazama kwenye kioo. Kuhama kwenyewe ningeweza kuvumilia, maana Houston si mbali mno kwa gari. Lakini nani angenipeleka Houston, ikiwa mama zetu hawasalimiani?

Nilimweleza Mama, naye akampigia simu Anti Nafula, aliyekuja jioni hiyo hiyo. Walijifungia jikoni. Nilisikia Mama akieleza, halafu Anti Nafula akapaza sauti, "Weh! Ulimwaga? Mbele ya watu?" Baada ya hapo walizungumza chini chini, nami sikuambulia neno. Nilipoingia kuchukua maji nilimkuta Mama ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, ameshika mashavu.

Anti Nafula ndiye aliyembembeleza Mama Nella aje mkahawani, walau kuagana. Alikuja amevaa sare ya hoteli. Alitusalimia vizuri, akaulizia zamu ya usiku, akasifia hata sweta ya birika. Lakini alikaa pembeni kabisa ya kiti, na mkoba wake aliupakata mapajani kama mtu anayengoja basi. Mimi sikuacha kuutazama ule mkoba. Nilijua akiinuka nao, basi.

Mama hakupangusa vijiko siku hiyo. Alivuta kikombe kimoja, akamimina maziwa, akamimina chai. Nilidhani anamimina ya Mama Nella. Kumbe akakiinua mwenyewe, akapiga funda kubwa. Kisha akakinyoosha kwa mikono miwili, rangi yake ya mdomo imebaki ukingoni, mbele ya Mama Nella.

Nilishtuka. Ndizi zinaoshwa kwa sabuni, na huyu anampa mgeni masalio yake! Vikombe safi vilikuwa vimejaa mezani.

"Your mom is so weird," Nella alininong'oneza.

Mama Nella alikitazama kile kikombe. Mama alikuwa bado amekinyoosha, mikono inaanza kuchoka. Ajuza wa mkahawa alipita na maziwa, akaona nyuso zetu, akarudi na maziwa yake jikoni. Hatimaye Mama Nella alikipokea, naye kwa mikono miwili. Akanywa.

"Haina sukari," alisema.

Mama alicheka, kicheko kibaya cha mtu aliyekuwa akizuia kilio, na Mama Nella akaanza naye. Anti Nafula alijifuta macho akasema ni mvuke wa chai. Walikinywa kile kikombe kwa zamu, wawili hao, mpaka kikaisha, na sikumbuki ni wakati gani hasa ule mkoba ulishuka sakafuni. Ninakumbuka tu kwamba nilikula skonzi ya pili, halafu na ya Nella.

Walihama hata hivyo. Lakini Mama alinipeleka Sharpstown, mtaa wao mpya huko, kila likizo, akiendesha gari huku akilalamikia foleni za Houston njia nzima. Corona ilipoingia mkahawa ulifungwa, na haukufunguliwa tena.

Mwaka jana nilikwenda Houston peke yangu. Sasa ninasomea uuguzi, na maji niliyoyadharau nimeyavulia nguo, kwani hata mimi nina vitambaa vya dawa mkobani. Mama Nella alinimiminia juisi ya nanasi, akaionja, akanipa kwa mikono miwili. Nadhani alinisoma usoni.

"Kwetu anayekupa kinywaji anaanza yeye, mwanangu," alisema. "Ndiyo unajua hamna sumu. Mamako alipomwaga ile juisi mbele za watu, nilijua ananiona mchawi. Siku ile ya chai nilikuja kuaga tu, niondoke zangu."

Niliinywa yote. Jioni nilimpigia Mama simu, nikamuuliza aliwezaje kuchangia kikombe kile, yeye na woga wake wote wa viini.

"Niliogopa kweli," alisema.

"Viini?"

"Viini gani, Kerubo? Niliogopa ataenda akimwage."